Tunaweza Kuuleta Mchezo wa Mamilioni Lubumbashi kwa Kiswahili?

«Mimi ni mwalimu wa shule ya sekondari hapa Katuba, Lubumbashi, na kwa miaka sita nimeendesha mashindano ya maswali, génie en herbe, kati ya shule za mtaa wetu. Sasa kituo kimoja cha televisheni kimetupatia saa moja kila Jumamosi, na mfanyabiashara mmoja amekubali kutoa zawadi. Tunataka kutengeneza kwa Kiswahili ule mchezo wa maswali na zawadi wa Ufaransa, Qui veut gagner des millions ?, pamoja na muziki wake, taa zake, na maswali yake ambayo tumeyatafsiri kutoka kitabu na vipindi vya zamani. Wenzangu wananiambia nisiogope. Wanasema kwamba kwa Kiswahili si kitu kile tena, kwamba ukibadilisha asilimia thelathini sheria haikushiki, na kwamba nchi nyingi zimefanya hivyo bila shida. Hata hivyo nina wasiwasi. Tena tulipofanya jaribio ukumbini, mambo mawili yalinishangaza: maswali yanayowatetemesha watu Paris yaliwafanya watu wetu wapige miayo, na maswali mengine wanafunzi watatu waliyajibu sawasawa, kisha wakakiri kwamba hawakujua lolote juu yake. Je, tuna haki ya kuendelea? Na kwa nini maswali yamezima hivyo?»

Mwalimu, umeuliza maswali mawili, moja la sheria na jingine la ufundi, na katika barua yako yamekaa mbalimbali kana kwamba hayajuani. Mimi naona yana mzizi mmoja, nao ni kudhani kwamba mchezo wa maswali ni maneno tu, na kwamba maneno yakishabadilishwa lugha kazi imekwisha. Nitaanza na hofu yako, kwa sababu hofu ikikaa mezani ufundi hausikiki.

Ni kweli kwamba nchi nyingi zimeufanya mchezo huo kuwa wao, ila hazikuuchukua hivihivi. Ulianza Uingereza tarehe 4 Septemba 1998 katika kituo cha ITV, ukiongozwa na Chris Tarrant. Waliouwaza ni David Briggs, Mike Whitehill na Steven Knight, na kampuni iliyoutengeneza ni Celador. Katika muda usiofika miaka miwili ulikuwa umefika Ujerumani, Marekani na Urusi, na mwezi Julai 2000 ukaanza Ufaransa kwa Jean-Pierre Foucault na India kwa Amitabh Bachchan. Kila nchi kati ya hizo ilinunua leseni. Pamoja na leseni ilipokea kitabu kinene ambacho watu wa kazi hii hukiita biblia, chenye maelezo ya namna kiti kinavyowekwa, taa zinavyoshuka mshindani anapofikiri, na muziki unavyopanda kidogo swali baada ya swali hadi moyo wa mtazamaji upande nao. Haki hizo ziliuzwa mwaka 2006 kwa kampuni ya Uholanzi iitwayo 2waytraffic, ambayo mwaka 2008 ilinunuliwa na Sony Pictures. Kwa hiyo mwenye mali yupo, anajulikana, na ana wanasheria wa kutosha.

Hoja ya pili ya wenzako, kwamba kwa Kiswahili si kitu kile tena, iko kinyume kabisa na sheria ilivyo. Haki ya kutafsiri ni mojawapo ya haki za kwanza anazopewa mtunzi. Mkataba wa Berne, ambao Kongo ni mwanachama wake, unaitaja katika kifungu cha 8, na sheria yetu wenyewe juu ya haki za watunzi, ile ordonansi-sheria namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986, imejengwa juu ya msingi huohuo. Anayetafsiri kitabu cha maswali bila ruhusa hajakikwepa kitabu, bali ameigusa ile haki ambayo mwenye kitabu aliwekewa. Jambo lenyewe, kwa mfano kwamba Lubumbashi iliitwa Élisabethville hadi mwaka 1966, halina mwenyewe, na yeyote anaweza kuuliza juu yake. Lakini swali lilivyoandikwa, majibu ya uongo yaliyochaguliwa kwa ujanja, na mpangilio wa mamia ya maswali pamoja, hiyo ni kazi ya mtu.

Kuhusu asilimia thelathini, sijui ilizaliwa wapi, maana nimeisikia Bukavu ikiwa ishirini na Goma ikiwa arobaini. Hakuna sheria inayopima hivyo. Jaji hahesabu ulichobadilisha. Hutazama ulichokibakiza, na kama kilichobaki ndicho kilichokuwa moyo wa kazi ya mwenzako.

Hata hivyo haki haiko upande wa wenye mchezo kwa kila jambo, na hapa nataka uvute pumzi. Wazo halimilikiwi. Mkataba wa Shirika la Biashara la Dunia juu ya mali ya akili, unaojulikana kwa jina la TRIPS, unasema katika kifungu cha 9 kwamba ulinzi huenda kwenye namna jambo lilivyoelezwa, wala si kwenye mawazo, taratibu au njia za kufanya kazi. Kesi inayotajwa mara nyingi katika fani yetu ni ya Hughie Green, mtangazaji wa Uingereza aliyekuwa na kipindi cha kutafuta vipaji. Shirika la utangazaji la New Zealand lilitengeneza kipindi chenye jina lilelile, misemo ileile, hata chombo kilekile cha kupima makofi ya watazamaji. Alishtaki, na mwaka 1989 baraza la juu huko London likamwambia kwamba alichokuwa nacho ni wazo la jumla lenye vipande visivyoshikamana vya kutosha kuitwa kazi moja ya mtunzi. Alishindwa. Ndiyo maana hakuna anayeweza kukuzuia usimweke mtu kwenye kiti, usimpe majibu manne achague, usipandishe zawadi ngazi kwa ngazi, wala usimruhusu aombe msaada.

Utauliza basi kwa nini matajiri wa televisheni hununua leseni wakati wazo ni la bure. Hununua jina ambalo watu wanalijua tayari, muziki, picha, na zaidi ya yote ule ujuzi ulio ndani ya biblia, wa watu waliokwisha kukosea wakajirekebisha. Vitu hivyo, mbali na wazo, vina wenyewe. Muziki ulitungwa na Keith Strachan na mwanawe Matthew, na kuupiga bila ruhusa ni kosa hata ukiubadilisha ala. Jina na nembo ni alama za biashara. Ukichukua kiti, taa za buluu, ngazi ya fedha, muziki na msemo wa «dernier mot» (neno la mwisho) vyote kwa pamoja, utakuwa umechukua nguo zote za mtu na kuvaa hadharani, na mtazamaji atadhani mmetumwa na mwenyewe. Kudanganya watu kwa namna hiyo ndiko kunakofika mahakamani, hata pale ambapo wazo lenyewe ni huru.

Kabla hujakata tamaa, kumbuka kwamba wewe mwenyewe umeishi ndani ya michezo iliyohamia. Génie en herbe uliyoiendesha miaka sita ni ya Kanada: Radio-Canada ilianza kuirusha mwaka 1972, ikifuata kipindi cha Kiingereza cha nchi hiyohiyo, Reach for the Top, kilichoanzia Vancouver mwaka 1961. Leo katika shule zetu jina hilo limekuwa la kila mashindano ya maswali, na mwanafunzi wa Kamalondo ukimwambia kwamba lina asili ya mbali hivyo atakucheka. Mchezo wa pili unaoujua ni ule ambao TV5 iliuingiza katika nyumba nyingi za Kongo, Questions pour un champion. Wazazi wetu waliuona kuwa ndio Ufaransa yenyewe, Julien Lepers na kadi zake mkononi, kumbe ulitoka BBC. Uingereza ilikuwa na Going for Gold tangu 1987, ambapo washindani walitoka nchi mbalimbali za Ulaya lakini wote waliulizwa kwa Kiingereza, jambo ambalo unaweza kukisia lilimpendelea nani. Wafaransa waliuchukua mwaka 1988, wakaugeuza kuwa sherehe ya lugha yao, wakawaita Wabelgiji, Waafrika na Wakanada, na hapo mchezo ukapata maana ambayo haukuwa nayo kwao ulikotoka.

Sasa tuje ukumbini kwako, kwenye miayo. Nitakupa maswali matatu ya mwisho, kila moja likiwa limemfikisha mtu kwenye zawadi ya juu kabisa. Marekani, Novemba 1999, John Carpenter aliulizwa ni rais gani aliyewahi kujitokeza katika kipindi cha vichekesho cha Laugh-In. Jibu ni Richard Nixon. Uingereza, Novemba 2000, Judith Keppel aliulizwa ni mfalme gani aliyemwoa Eleanor wa Aquitaine. Jibu ni Henry wa Pili. India, mwaka huohuo, Harshvardhan Nawathe aliulizwa katiba ya India inamruhusu nani kati ya wanne kushiriki katika mijadala ya bunge. Jibu ni mwanasheria mkuu wa serikali. Mchezo ni mmoja, kiti ni kimoja, muziki ni mmoja, lakini hakuna swali hata moja kati ya hayo lililosafiri. Kila moja limechimbwa mahali pake. Mmarekani mtu mzima anahisi kwamba aliwahi kuliona jambo hilo kwenye televisheni ya utotoni, na mateso yake ni kulikumbuka. Mtu wa Katuba hana cha kukumbuka. Kwake hilo si swali gumu, ni mlango wa nyumba asiyowahi kuingia.

Huo ndio utaratibu wa ndani wa mchezo, na watu wengi wanaoutazama hawauoni. Mtazamaji haketi mbele ya televisheni ili ajifunze. Anakaa ili ashindane kimyakimya na mtu aliye kitini. Kwa hiyo maswali matano ya kwanza kati ya kumi na tano lazima nyumba nzima iyajue na kuyapigia kelele, bibi na mtoto pamoja. Yanayofuata yaigawe nyumba, baba akishika hili na binti akishika lile. Mawili ya mwisho yawe ya kitu ambacho kila mmoja amewahi kukisikia bila kukishika. Ugumu basi haumo ndani ya swali. Umo katika umbali kati ya swali na watu wanaolisikia. Uliza Paris misalaba midogo ya zamani ya Katanga ilitengenezwa kwa madini gani, na utakuwa umeuliza swali la milioni. Uliza hapo kwenu, na mtoto wa darasa la tatu atakujibu shaba kabla hujamaliza. Uliza TP Mazembe ilikuwa ikiitwaje ilipotwaa ubingwa wa Afrika mara ya kwanza mwaka 1967, na utaona nyumba ikigawanyika: wazee watasema Englebert bila kupepesa macho, na vijana wanaoijua fainali ya klabu za dunia ya 2010 dhidi ya Inter Milan watakwama. Swali la namna hiyo lina thamani kuliko ukurasa mzima uliotafsiriwa.

Jambo la wanafunzi waliojibu bila kujua ndilo lililonifurahisha zaidi katika barua yako, maana wengi huliona na kudhani ni wizi wa majibu. Sikuyaona maswali yenu, lakini nina hakika ya karibu kabisa kwamba walisomewa majibu na sarufi. Chukua swali hili, ambalo kwa Kifaransa halina hatia yoyote: Kimo katikati ya nembo ya taifa ya Kongo, juu ya jiwe, ni nini? A, mkuki. B, pembe ya ndovu. C, kichwa cha chui. D, mwenge. Mwanafunzi ambaye hajawahi kuitazama nembo hiyo hata siku moja anachagua C, kwa sababu mkuki ungekuwa umo, pembe ingekuwa imo, mwenge ungekuwa umo, na kichwa peke yake ndicho kimo. Kiambishi kimoja cha herufi mbili kimetoa zawadi yote. Waandishi wa Kifaransa wana mtego wao wa aina hiyo, ule wa le na la, yaani jinsi ya kiume na ya kike ya majina, nao huukagua kila siku. Lakini unapotafsiri, mtego wao unakufa na wetu unazaliwa, tena mahali ambapo hakuna anayeulinda. Dawa ni kuandika swali kwa Kiswahili tangu mwanzo. Sema «Katikati ya nembo ya taifa ya Kongo kumechorwa nini?», na sarufi itanyamaza. Au uchague majibu yote manne kutoka ngeli moja: milima minne, mito minne, watu wanne.

Kuna hata udhalimu ndani yake. Mitaani Lubumbashi Kiswahili chetu hakibebi ngeli zote hizo. Mtu wa sokoni hutumia «iko» kwa mkuki, kwa kichwa na kwa mwenge vilevile, na anaeleweka. Anayenufaika na mtego huo ni yule aliyefundishwa Kiswahili sanifu vizuri shuleni. Kwa hiyo mtakuwa mnapima sarufi huku mkitangaza kwamba mnapima maarifa. Mama anayeuza kwenye soko la mtaa wa Kenya, hapo Lubumbashi, ambaye huenda anaijua historia ya mji huu kuliko sisi wote, atashindwa na mtoto aliyesikiliza «ki».

Mtego wa pili ni majina yanayojieleza. Kwa Kifaransa unaweza kuuliza pluviomètre hupima nini, na ni swali la haki. Ukilitafsiri linakuwa kipimamvua hupima nini, na ukumbi utacheka, kwa sababu nzuri. Tarakimu nazo zina shida yake: miaka na bei watu wengi wa Lubumbashi huzisema kwa Kifaransa hata katikati ya sentensi ya Kiswahili, na makumi wengine huyahesabu «makumi mbili» ambapo kitabu kinasema ishirini. Andikeni tarakimu kwenye kioo na mwendeshaji azisome kwa namna ileile kwa kila mshindani. Saa za siku ziacheni kabisa, maana saa mbili ya mmoja ni saa nane ya mwenzake, na mtagombana hadi usiku.

Jina la kipindi pia linataka kufikiriwa. Milioni ya pauni ilikuwa ndoto kwa Mwingereza wa 1998. India walijua kwamba milioni ya rupia haimshtui mtu, wakachukua hesabu yao wenyewe, crore, yaani milioni kumi, na jina la kipindi likawa Kaun Banega Crorepati. Italia walianza na bilioni ya lira, na yuro ilipoingia ikawabidi kubadilisha jina. Uturuki walianza na jina lenye bilioni mia tano, kwa sababu fedha yao ilikuwa imeshuka kiasi hicho. Sisi tuna kumbukumbu yetu wenyewe. Mwaka 1992 ilitolewa noti ya zaïre milioni tano, wafanyabiashara wakaikataa, na mwaka 1993 zaïre mpya moja ikabadilishwa kwa milioni tatu za zamani. Mzee aliyeishi siku zile alikuwa milionea na hakupata mkate. Mwambie leo kwamba kipindi chenu kinatoa mamilioni, naye atauliza ya namna gani. Ningekuwa wewe ningeliacha neno hilo kwa wenyewe. Ada ya mwaka mzima ya shule, magunia ya unga, mashine ya kushonea: zawadi ambayo mtazamaji anaweza kuiona kwa macho yake humfanya atetemeke zaidi kuliko tarakimu yenye sifuri nyingi.

Vivyo hivyo kwa ule msemo wa kufunga jibu. Wafaransa wanauliza kama ni neno la mwisho. Bachchan yeye anaomba jibu lifungwe kwa kufuli, na India nzima ikaanza kusema hivyo. Wote hao walikuwa na leseni, na bado hawakutafsiri kilichoandikwa Kiingereza. Sikilizeni namna watu wenu wanavyofunga maneno wanapopatana bei kwenye soko la Mzee Kabila, na mtapata msemo ambao hakuna wa kuwashtaki kwa ajili yake.

Misaada ya mshindani ni ya kutazamwa kwa makini. Kumpigia rafiki simu kulikuwa na ladha wakati rafiki alikuwa na kichwa chake tu. Marekani waliufuta msaada huo mwaka 2010, kwa sababu rafiki alikuwa ameketi mbele ya intaneti. Kwenu kuna tatizo la ziada la mtandao kukatika katikati ya sentensi. Kuuliza ukumbi kunafaa zaidi, mradi muelewe kwa nini kunafanya kazi. Wasiojua hutawanyika katika majibu manne, wanaojua hukusanyika kwenye moja, na hilo moja hujitokeza. Lakini pale ambapo kuna kosa ambalo watu wengi wanalo kwa pamoja, ukumbi hupotosha kwa kujiamini. Ufaransa mshindani mmoja aliulizwa ni nini kinachozunguka dunia, akauomba ukumbi msaada, na asilimia 56 wakasema jua. Akawafuata na kuanguka. Jambo jingine ni kwamba kura ikipigwa kwa kuinua mikono, kila mtu humtazama jirani, na kura mia zinakuwa kura tano. Wapeni watu kadi nne za rangi, waziinue kwa kengele moja. Gharama ni ya karatasi.

Baada ya hayo yote, una njia tatu. Ya kwanza ni kununua leseni, na kwa saa moja ya Jumamosi katika kituo cha mji mmoja sidhani kwamba inakufaa. Njia hiyo ni ya kituo cha taifa chenye mdhamini mkubwa, na hata huko mkataba ni kitu cha kuogopwa: Celador yenyewe iligombana na Disney, mshirika wake wa Marekani, juu ya mgawo wa faida, na mwaka 2010 baraza la wazee wa mahakama liliamua ilipwe zaidi ya dola milioni 269. Njia ya pili ni kuiga kila kitu na kutumaini kwamba London ni mbali. Ninakubali kwamba uwezekano wa mtu kupanda ndege kuja kukushtaki Katuba ni mdogo. Lakini hatari haiji kwa ndege. Mtaweka kipindi YouTube, ambako mfumo wa kutambua sauti utaukamata muziki bila kumwuliza mtu. Mdhamini atasikia neno haki miliki na kurudisha mkono mfukoni. Na siku mtakapopata nafasi ya kurushwa nchi nzima, mtakuwa hamna kitu chenu cha kuuza. Njia ya tatu ni kuchukua mawazo yaliyo huru na kuyavalisha nguo zenu: jina lenu, ngoma iliyotungwa na vijana wa hapo kwa makubaliano ya maandishi, maswali mliyoyaandika kwa Kiswahili. Hiyo ndiyo ninayokushauri, na sikufichi kwamba ndiyo yenye kazi nyingi kuliko zote. Kuandika maswali mazuri ishirini ni kazi ya juma zima kwa watu wawili, na kila wiki mtahitaji mengine.

Kuna mambo ambayo jibu la maandishi kama hili halitoshi, na unapaswa kukaa na avoka, yaani wakili, ana kwa ana kabla ya kutia sahihi. La kwanza ni mkataba na kituo: lazima uonyeshe nani anamiliki jina, rekodi na maswali mkiachana. Najua kikundi kimoja kilichopeleka kila kitu kwenye kituo kwa kupeana mikono tu, na mwaka uliofuata wakajiona nyumbani wakiwa watazamaji wa mchezo wao wenyewe. Jina likishapatikana, liandikishwe kama alama ya biashara katika wizara ya viwanda, chini ya sheria ya tarehe 7 Januari 1982 juu ya mali ya viwanda. La pili ni wanafunzi walio chini ya miaka kumi na minane, ambao wazazi wao wanapaswa kutoa idhini ya maandishi kwa picha na kwa zawadi. La tatu ndilo zito. Mdhamini akikuambia kwamba watu walipie ujumbe wa simu ili wachaguliwe kushiriki, simama hapo hapo. Uingereza zawadi za mwanzo ziligharamiwa kwa sehemu kubwa na simu za kulipia namna hiyo, na fedha zinavutia. Lakini watu wanapolipa ili bahati iwachague, mchezo wa maarifa umeingia katika eneo la bahati nasibu, ambalo ni jambo la idhini ya serikali. Ulizeni kabla ya kipindi cha kwanza.

Kwa Jumamosi hii, usirekodi bado. Andikeni maswali sitini, kisha mpe mwalimu wa Kiswahili wa shule nyingine, asiyejua majibu, asome kila swali na majibu yake manne, na azungushie duara kila jibu ambalo sarufi peke yake imemdokezea. Yaliyozungushiwa yaandikeni upya. Yaliyobaki yapelekeni kwa watu watano wa mtaa wasiofanana umri, na mbele ya kila swali andikeni ni wangapi waliolijua. Hizo hesabu ndizo zitakazowaambia swali lipi likae kwenye ngazi ipi.